Mkungu Niliowaachia Ndege

Siku niliyokatazwa kula ndizi niliua ndege. Nilimpiga jiwe mbele ya mke wangu, akaanguka bila hata kupiga kelele, na kwa muda wa kumeza mate nilijisikia vizuri kuliko nilivyojisikia mwezi mzima.

Kama na wewe umetoka hospitali leo na karatasi ya masharti mkononi, na unatafuta kitu cha kupiga, basi soma. Sitakuambia umwachie Mungu. Hilo utaambiwa na wengine mpaka uchoke.

Tulikuwa ndio kwanza tumefika nyumbani Ijumbi kutoka Bukoba, mimi na mke wangu, Mama Kemi. Asubuhi ile niliambiwa figo zangu zote mbili zimekwisha, na kuanzia wiki hiyo nitasafishwa damu kwa mashine kila Jumatatu na Alhamisi. Aliyenisomea masharti alikuwa nesi anayeitwa Aneth, ambaye nilimfundisha shule ya msingi. Mimi ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili. Miaka thelathini na kitu niliwachapa watoto wa Kihaya mpaka ndimi zao zikanyooka, na wanafunzi waliniita Mwewe. Nilijua wananiita hivyo, na nilipenda.

Aneth alisoma polepole, kwa heshima, macho kwenye karatasi. Chumvi, acha. Maji, vikombe viwili kwa siku. Machungwa, parachichi, acha.

"Na ndizi, Mwalimu. Hiyo ndiyo kubwa. Ndizi usiguse kabisa. Moyo unaweza kusimama ghafla."

"Umesoma vizuri," nikamwambia. "Vituo vyote umevizingatia." Nilifanya mzaha kwa sababu nilitaka kulia.

Wengine ugonjwa wao ni pombe, wengine ni wanawake. Mimi ilikuwa kisukari, zile ndizi fupi za ganda jembamba. Nilikuwa naweza kumaliza kichana kizima nikisahihisha madaftari. Sasa nashuka garini, miguu imevimba mpaka viatu nimevishika mkononi, nazunguka nyuma ya nyumba kwenda kujisaidia, na mkungu wa kisukari umeiva pale mgombani, umeanza kupasuka. Juu yake amekaa shore, kale kandege ka kichwa cheusi kanakopiga kelele kuanzia alfajiri, kamezamisha mdomo mpaka machoni. Anakula ndizi yangu! Niliokota jiwe.

"Amekosa nini?" Mama Kemi aliuliza.

"Amekula."

Alichukua jembe, akachimba kishimo chini ya mgomba uleule, akamfukia kama mtu. Alipomaliza akasema, "Ukiwamaliza hao utaanza na sisi?"

Asubuhi yake niliukata ule mkungu nikautundika kwenye mlimau, mbele ya dirisha la chumba chetu. Usidhani ilikuwa huruma. Aibu ilikuwepo kidogo, sikatai, lakini zaidi nilitaka niwaone wakiuana. Kama mimi sili, basi anayekula na ale kwa jasho.

Walikuja, tena wengi. Kibanja chetu alikiacha baba na hatujawahi kukipulizia dawa ya wadudu. Mibuni iko chini ya migomba, mkuyu uko pale kati na hakuna aliyethubutu kuukata, na mpaka wote umezungukwa na mirumula, ile miti ya kuwekea mipaka, iliyosongamana. Nimeishi humo miaka sitini nisimwone ndege hata mmoja, maana nilikuwa nasahihisha. Sasa mashine ilinifunga kwenye kiti cha dirishani siku tano katika wiki, na nikaona. Mashore wanapigana kifua kwa kifua. Wale wakubwa wa zambarau wenye kishungi chekundu wakitua, wadogo wote wanatupwa pembeni. Minana wanatoboana macho kwa kipande kilichooza. Nilitoa daftari la mahudhurio lililobaki tangu shuleni, nikawapa majina, nikawa nawaita kila asubuhi. Asiyekuja nilimwekea alama ya utoro.

Mmoja hakugusa ndizi. Alikuwa mweusi mgongoni, mweupe kifuani, mkia mrefu, amekaa tawi la juu kama mwenye shughuli anayehesabu wageni. Siku ya tatu alishuka mara moja tu. Alimnyakua kinda wa mnana, akamchomeka kwenye mwiba wa mlimau, ukapenya shingoni, na mabawa yalikuwa bado yanapiga. Kisha akaanza kumnyofoa.

Nilipiga makofi. "Safi sana!"

"Kuna nini?" Mama Kemi aliuliza kutoka jikoni.

"Kuna mwenye akili hapa."

Nikamwandika daftarini: Bwana Bucha, yupo. Alhamisi iliyofuata daktari aliniingiza bomba la mashine shingoni, kwa nguvu, huku nesi amenishika kichwa, damu ikaruka mpaka kwenye shati lake. Nilimkumbuka yule kinda, na siku hiyo sikumpigia mtu makofi.

Sasa nikuambie mwili unavyobadilika, maana hili hawakuambii. Ngozi inakuwa nyeusi ya kijivu na inawasha kama umelala kwenye upupu. Mdomo unanuka chuma. Mkojo unapungua, unapungua, halafu siku moja unasimama mbele ya choo unasubiri, unasubiri, na hakuna kitu. Na kiu! Njaa ni mtoto mdogo mbele ya kiu. Wakati ule wa kiangazi watu wanaanika kahawa nyuani, mimi niliota maji mchana, macho yangu yakiwa wazi.

Mama Kemi ndiye aliyekuwa na ufunguo wa maji. Alinipimia kwa kikombe cha bati, asubuhi na jioni. Jioni moja alinipa, nikanywa nusu, nikamwambia aongeze. Akasema hapana. Nikasema, "Mimi ndiye mume humu ndani." Akasema, "Ndiyo, na nataka uendelee kuwa." Nilimrushia kile kikombe. Kilimpata juu ya jicho, nyusi ikachanika. Alijifuta kwa kitenge, akainama, akaokota kikombe.

"Hiki ndicho kilichokuwa cha leo," alisema, akaenda zake.

Baada ya muda alirudi na kitambaa kilicholowa, akaniwekea mdomoni ninyonye. Damu ilikuwa bado inamtoka. Sikusema asante. Nimeandika hapa ili usije ukanisifu.

Hospitalini Bukoba benchi letu la kusubiri lilikuwa ukutani, chini ya dirisha. Jirani yangu alikuwa Masanja, Msukuma, mvuvi wa visiwa vya Muleba, naye figo zimemwisha. Mimi nilienda nimevaa tai kila mara.

"Nyie Wahaya bwana!" alinitania. "Hata kufa mnataka mfe na tai."

"Na wewe unanuka dagaa mpaka mashine inakohoa."

Lakini Masanja alikuwa ananenepa, uso unang'aa, na mimi naisha. Kila Jumatatu Aneth aliangalia karatasi yangu ya damu, anakunja uso.

"Mwalimu, umekula ndizi?"

"Sijagusa."

"Hata moja? Hata kipande? Parachichi je? Machungwa?"

"Nimekwambia sijagusa! Unaniita mimi mwongo?"

Chumba kizima kiligeuka. Aneth aliinamisha macho kama alivyokuwa akiinamisha darasa la tano, na mimi, mgonjwa nisiyeweza hata kuvua soksi, niliona raha kidogo. Kwa kweli nilikuwa sijagusa. Ndizi zote walikula ndege. Mkungu ukiisha natundika mwingine, nakaa dirishani natazama vita, na Mama Kemi ananiletea sahani yangu ya chakula, bila chumvi, na maharage kidogo juu. Nilikula kila siku, mchana na jioni. Nilijilazimisha, kwa sababu mgonjwa asiyekula chakula atapona kwa nini?

Mvua zikaanza, kahawa ikawa imeshauzwa, na senene wakaja.

Ilikuwa Jumapili. Walianguka tangu usiku, asubuhi majani yote ya kibanjani yalikuwa yanatembea. Watoto wa jirani walijaza ndoo. Ndege walipagawa. Mwewe waliteremka kama kumi, wanakamata kwa kucha na kula hukohuko hewani, mabawa ya senene yanadondoka juu ya bati letu. Bwana Bucha alichomeka senene kila mwiba mpaka mlimau ukawa kama duka. Mama Kemi aliporudi kanisani alikaanga senene na kupika chakula kingi cha sikukuu, nikala sahani mbili. Nilijiambia leo nina nguvu.

Nilichukua daftari. Nilipoandika "yupo" ya kwanza, kalamu ikaanguka. Nilitaka kuiokota, mkono ukakataa. Miguu ikawa ya mtu mwingine. Kifuani moyo uligonga mara moja, ukakaa kimya, ukagonga, ukakaa kimya zaidi. Nilianguka na kiti. Kitu cha mwisho nilichoona ni Bucha, ameinamisha kichwa, ananitazama kutoka juu. Niliogopa ndege, mimi Mwewe. Niliogopa kweli.

Gari la parokia lilinikimbiza Bukoba. Yaliyotokea huko kwenye korido niliambiwa baadaye, na kila aliyeniambia alitazama chini. Dada yangu Leokadia, mkubwa wangu, aliyenibeba mgongoni nilipokuwa mdogo, alifika akamkuta Mama Kemi amekaa sakafuni. Akaona kovu juu ya jicho. Akaona limekaa vibaya, akaunganisha mambo.

"Alikupiga, na wewe ukalipiza! Umemlisha nini ndugu yangu?"

Leokadia akampiga kofi, akampiga la pili, akamvuta kitambaa cha kichwani mpaka nywele zikabaki wazi mbele ya wagonjwa na wageni wao. "Mchawi! Sema umempa nini!"

"Chakula!" Mama Kemi alipiga kelele. Mwanamke ambaye sijawahi kumsikia akipaza sauti. "Waitu, jamani, nimempa chakula! Kila siku nampa chakula!"

Aneth alikuwa anatoka chumbani kwangu. Aliposikia alisimama, mkono ukiwa bado kwenye kitasa.

"Chakula gani, mama?"

Mama Kemi alimtazama kama anayeulizwa jua ni nini. "Chakula, mwanangu. Ebitoke."

Wewe usiye wa huku labda hujanielewa, ngoja nikufafanulie. Kwetu ndizi ya kupika haiitwi ndizi. Ni ebitoke, na ebitoke ndicho chakula. Wali ni wali, ugali ni ugali, unaweza kula vyote ukashiba, na bado ukasema leo sijala chakula. Ndizi ni ile mbivu, ya kumpa mtoto asilie. Nilipoambiwa usile ndizi, masikio yangu yalisikia Kiswahili, tumbo langu likasikia Kihaya. Nikawapa ndege zile za kutafuna, nikala sufuria zima la zilezile, mara mbili kwa siku, miezi mitano.

Nilipoamka, moyo umerudishwa kwa sindano na mashine, Aneth alikuwa amekaa pembeni ya kitanda. Manesi hawakai. Yeye alikaa.

"Mwalimu, nilikwambia usile ndizi."

"Sikula. Zote niliwapa ndege."

"Mwalimu." Sauti yake ilikuwa inatetemeka, na sikujua kama ni hasira au kilio. Kumbe vilikuwa vyote. "Darasa la tano ulitupa insha, Chakula cha Nyumbani Kwetu. Niliandika, nyumbani tunakula ebitoke, na ndizi wanakula watoto. Unakumbuka?"

Sikukumbuka. Nilichapa wengi.

"Ulinisimamisha mbele. Ulisema hakuna neno kama hilo katika Kiswahili, mbichi ni ndizi, mbivu ni ndizi, iliyopikwa ni ndizi. Ulinichapa vinne mkononi, na kila fimbo nikawa natamka: ndizi, ndizi, ndizi, ndizi." Alifuta pua kwa mkono wa gauni. "Wagonjwa Wahaya wote hapa nawaambia kwa Kihaya. Ebitoke, nasema, na wanashtuka, wanalia, wanaelewa. Wewe nilisema huyu mmoja sina haja ya kumtafsiria. Tena niliogopa. Mimi mtu mzima, nina watoto watatu, niliogopa kutamka ebitoke mbele yako."

Nimechomwa bomba shingoni bila ganzi ya kutosha. Nimesikia moyo wangu ukisimama. Hakuna kilichoniuma kama kile. Niligeukia ukutani nikalia kwa sauti, na Masanja kitanda cha pili akajifanya anakohoa.

Nilipoweza kukaa nilimwita Leokadia. Nilimwambia aliyenilisha sumu ni mimi, na makofi yale mawili yalikuwa yangu. Jumapili iliyofuata alikuja Ijumbi na kahawa za kutafuna, amezifunga kwenye jani la mgomba, akapiga magoti mbele ya wifi yake, yeye mkubwa, akanyoosha mikono. Mama Kemi alimwacha pale kidogo. Mimi ningemwacha zaidi. Kisha akachukua punje moja, akaitafuna.

Ikabaki zamu yangu. Nilijaribu kwa Kiswahili, na maneno yalitoka kama tangazo la mkuu wa shule. Kiswahili changu nilikifanyia kazi ya kuamrisha na kusahihisha, sasa kilikuwa hakijui njia nyingine. Nikamwomba msamaha kwa Kihaya, kile cha mama yangu, nikigugumia kama mtoto. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nimesikia," alisema. "Lakini kovu utaliona kila siku."

Naliona kila siku.

Nilikula ugali. Mhaya, mwalimu, na tai yangu, nikala ugali kama mfungwa, na Masanja alicheka mpaka mashine yake ikapiga king'ora. Baada ya msimu mwingine wa kahawa Aneth alimfundisha Mama Kemi kukata ebitoke vipande vidogo, kuloweka, kuchemsha, kumwaga maji yote, kuchemsha tena. Napata vipande vitatu vidogo, siku nilizoruhusiwa tu. Uliza kwanza hospitalini kwako, usijipimie mwenyewe kama mimi. Vimekwisha ladha kabisa, na nilipoonja mara ya kwanza nilijifunika kitambaa usoni ili Mama Kemi asinione.

Figo bado sijapata. Bomba la shingoni limetoka, sasa nachomwa mkononi, kwenye mshipa ulioshonwa. Mkungu bado natundika, lakini siku hizi natundika miwili, mmoja mlimauni na mwingine mkuyuni, ili wadogo nao wale. Bucha anaendelea kuchinja. Yule simbadilishi, ndivyo alivyoumbwa. Shore mmoja amejenga kwenye mrumula ulio karibu na alipofukiwa mwenzake, nami siku nikipita hapo napita polepole.

Wiki iliyopita aliletwa bibi mmoja kutoka upande wa Rubya, amevimba uso, ameshikwa na wajukuu wawili. Aneth alikuwa na shughuli, nesi mgeni kutoka mbali ndiye aliyemsomea masharti, kwa Kiswahili kizuri kabisa. Alipofika kwenye ndizi, bibi alitikisa kichwa kwa furaha.

"Hizo wala sizipendi, mwanangu. Mimi ni chakula tu."

Niliruka kutoka kwenye benchi. Nilimshika mabega yule bibi, labda kwa nguvu mno, maana wajukuu walinisogelea kwa shari. Nikamwambia kwa Kihaya, kwa sauti ambayo zamani ningemchapa nayo mtoto: ebitoke, mama! Ni ebitoke wanasema! Alinitazama, akaelewa, akaanza kulia, akauliza sasa atakula nini. Nikamwambia ugali. Akalia zaidi.

Nilipogeuka Aneth alikuwa amesimama mlangoni na trei ya sindano.

"Mwalimu, unaongea Kihaya darasani?"

Nilimnyooshea mkono, kiganja juu, kama walivyokuwa wakininyooshea mimi. Aliutazama kwa muda. Kisha akaushika, akanikalisha kitandani, akafunga mpira juu ya kiwiko, akautafuta mshipa kwa kidole.

"Na ndege wako," alisema bila kuinua macho, "siku hizi wanakula ndizi au wanakula chakula?"

Nilicheka, na sindano ikaingia.